Kesi Imeingia kwenye Simu: Mwonjo wa Kwanza kutoka Majengo, Songea

Nyota nne na nusu kati ya tano. Nusu iliyokatwa nitaieleza mbele ya safari. Kwa sasa sina subira nayo. Jamani, ipo namna ya kumnoa tabibu ambayo haitaki jengo jipya, haitaki mwanasesere wa mamilioni, haitaki projekta wala posho ya kulala Dodoma. Inataka simu, bando, na mtu anayeujua ugonjwa kwa kuwa anaishi nao. Nimeishuhudia nyuma ya saluni moja ya Majengo, hapa hapa Songea, mashine ya kukaushia nywele ikivuma upande wa pili wa pazia, na tangu hapo kila ninayekutana naye namsimulia, akiwemo dereva wa bajaji ambaye alichotaka kwangu ni nauli tu.

Wazo si letu. Limetoka Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, ambako madaktari wa magonjwa ya homoni wameliita SIMBA. (Wana Yanga wa Majengo tulieni, ni herufi zilizookotwa kwenye jina refu la Kiingereza.) Wanachofanya ni hiki: wanachukua kisa cha mgonjwa wa kweli, wanafuta kila kinachoweza kumtambulisha, wanakigeuza kuwa kesi. Daktari anayejifunza anaingia WhatsApp popote alipo. Upande wa pili yupo msimamizi anayejibu kama mgonjwa, kisha kama maabara, kisha kama chumba cha picha, kwa kadiri daktari anavyouliza na kuagiza. Kesi ikiisha, washiriki wanakutana na bingwa kwa njia ya video, naye anawapitisha hatua kwa hatua. Mwaka 2020 walichapisha matokeo yao katika jarida la BMC Medical Education: walioshiriki walitoka wakijiamini zaidi mbele ya kesi za kisukari na homoni kuliko walivyoingia. Nilisoma nikitafuta ni wapi watataja mtambo wa bei mbaya. Hawakuutaja, kwa sababu haupo.

Kilichonipagawisha zaidi ni kanuni iliyomo ndani yake. Hakuna a, b, c, d za kuchagua, hakuna karatasi inayokutupia dalili zote kwa mpigo. Usipouliza, huambiwi.

Sasa leteni ugonjwa uliojificha ndani ya maswali yasiyoulizwa! Kitabibu unaitwa sindromu ya ovari zenye vifuko vingi, na wengi wanatumia kifupi chake, PCOS. Mtaani majina hayo huyasikii. Utasikia homoni zimevurugika, utasikia vifuko kwenye mayai, na bibi yako atakwambia ni chango. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unawapata asilimia 6 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 ya walio nao duniani hawajui. Piga hesabu siku ukiwa kwenye kikao cha vikoba: wakikaa wanawake ishirini, mmoja au wawili anao, na huenda hajui.

Wanaojua nao walifika kwa kuhangaika. Mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi uliowauliza wanawake 1,385 walivyopata jibu lao. Theluthi walisubiri zaidi ya miaka 2. Karibu nusu walipita kwa wataalamu 3 au zaidi kabla ya kuambiwa. Walioridhika na maelezo waliyopewa walikuwa asilimia 15.6. Na walioulizwa ni akina nani? Asilimia 53 walitoka Amerika Kaskazini, asilimia 42.2 Ulaya, na dunia yote iliyobaki, sisi tukiwemo, asilimia 4.9. Ikiwa wenye hospitali kila kona wanazungushwa kiasi hicho, sihitaji mtafiti anieleze anachokutana nacho dada wa Lizaboni au Mfaranyaki, hapa Songea, mwenye nauli ya kwenda mara moja.

Haya, turudi saluni. Mwandishi wa kesi yetu ni msusi, na hapa lazima niseme jambo ambalo nadhani madaktari hawajalitilia maanani. Anayeziona dalili za PCOS mapema kuliko mtu yeyote Majengo ni msusi. Ndiye anayeombwa kwa sauti ya chini, wateja wengine wakishaondoka, amtoe mtu nywele za kidevuni kwa uzi au wembe. Ndiye anayeona utosi ukianza kuwa wazi kwa binti wa miaka ishirini na tano. Anaziona chunusi za kwenye taya zisizosikia sabuni yoyote, na weusi wa shingoni ambao mama mtu anadhani ni uchafu na kuusugua kwa dodoki hadi ngozi inachubuka. Huyu wetu mwenyewe anao ugonjwa, kwa hiyo anaujua mara mbili. (Saluni za Majengo ni nyingi, msihangaike kumtafuta, nimembadilisha vya kutosha.) Aliandika kisa chake kwa kalamu kwenye daftari la mahesabu, kisha tukambadilishia mgonjwa wa kwenye kesi kazi, mtaa, umri na idadi ya ndugu.

Msimamizi alikuwa mkunga mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Sista, na ambaye hata ukiwa na haraka kiasi gani huanzi neno bila shikamoo. Yeye ndiye maabara, ndiye chumba cha picha, ndiye mwamuzi. Alikuwa na mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2023, ule ulioratibiwa na Chuo Kikuu cha Monash cha Australia chini ya Profesa Helena Teede, kurasa alizozihitaji zikiwa zimechapwa na kupigwa mistari kwa wino mwekundu. Tabibu alikuwa kijana wa zahanati binafsi, akiwa amekaa kwenye benchi la nje na koti lake, maana baridi ya Songea ya mwezi wa nane haina huruma asubuhi. Alijua ni igizo. Ugonjwa hakuutajiwa.

Simu ya msusi, aliyemwigiza mgonjwa, ikalia ndani. "Karibu dada, pole. Nini kinakusumbua?"

"Asante daktari. Nina UTI isiyosikia dawa."

Nilitaka kupiga makofi pale pale! Mtego gani mzuri kuliko huo? Msusi hakuutunga, ndivyo alivyokuwa akijitambulisha kwa miaka, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa kila alipokwenda kulalamika tumbo. Katika nchi hii mwanamke akitaja chini ya kitovu, anaondoka na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) au PID (maambukizi ya via vya uzazi) na mfuko wa vidonge. Kijana wetu naye akaingia: akaagiza mkojo. Sista akaandika: mkojo safi. Akauliza uchafu, harufu, maumivu wakati wa tendo. Hakuna, hakuna, hakuna. Akataka kuandika dawa ya PID hata hivyo, kwa usalama. Sista akajibu kwa alama ya kuuliza tupu. Ndani ya pazia mgonjwa amekunja nne, anajipepea na daftari.

Kisha likaja swali. "Dada, siku zako mara ya mwisho umeziona lini?"

"Kabla ya Pasaka."

Nimesema tulikuwa mwezi wa nane. Nilijiziba mdomo kwa kiganja nisiharibu igizo. Kijana akaagiza kipimo cha mimba, na Sista akaweka alama ya vema kwenye karatasi yake: kabla ya kufikiria homoni, ondoa mimba kwanza. Hasi.

"Na kwa kawaida huwa zinakuja vipi?"

"Zinakuja zikitaka. Mara tatu kwa mwaka, mara nne. Tangu sekondari."

"Hukuwahi kumwambia daktari yeyote?"

"Hakuna aliyeniuliza. Waliniuliza kama nimeolewa."

Hapo kesi ikageuka. Benchi la nje lilinyamaza, na kwenye kioo cha simu ya mgonjwa tuliona dalili kwamba mwenzake anaandika, ikapotea, ikarudi, ikapotea. Kijana alikuwa anatafuta namna ya kumuuliza mwanamke kuhusu ndevu. Ndiyo kazi hasa niliyotaka kuiona! Hiyo haifundishwi na kitabu. Kitabu kinakwambia tafuta nywele kwenye sehemu tisa za mwili, kila sehemu uipe alama kutoka sifuri hadi nne, kwa kipimo kilichorekebishwa cha Ferriman na Gallwey. Kitabu hakikupi maneno ya Kiswahili ya kumwambia dada wa watu aliyejifunga mtandio hadi kidevuni. Mwishowe akaandika: "Samahani dada, swali hili nawauliza wengi wenye shida ya siku. Una nywele zinazokusumbua, kidevuni, kifuani au tumboni?"

"Nanyoa kila alfajiri kabla mume wangu hajaamka."

Akajibu: "Pole sana dada. Umelibeba peke yako muda mrefu." Sista akaweka vema nyingine, kubwa kuliko ya mwanzo. Na msidhani ni adabu tu: mwongozo wa 2023 unataka wanawake wenye PCOS waulizwe kuhusu sonona na wasiwasi, kwa kuwa vinawapata zaidi kuliko wengine. Mtu anayejifungia chooni na wembe kila alfajiri ana mzigo ambao hauonekani kwenye kipimo cha damu.

Halafu ikaja sehemu ambayo Birmingham hawanayo na ambayo, kwa maoni yangu, inastahili kupelekwa kwao kwa ndege. Kijana, sasa akiwa amechangamka, akaagiza kila kitu: altrasaundi, testosteroni, homoni zote za uzazi, tezi ya shingo, prolaktini, sukari, mafuta ya damu. Sista akajibu kwa mstari mmoja: "Mgonjwa ana shilingi elfu thelathini mkononi. Chagua."

Ah! Kile kimya kilichofuata ningekilipia kiingilio.

Akachagua altrasaundi. Ni jibu ambalo wengi tungelitoa, maana jina lenyewe linataja vifuko, na vifuko vinaonekana kwenye picha. Sista akamletea picha ya maneno: ovari zote mbili zimetuna kidogo, vijifuko vidogo vingi pembezoni. Kijana akashangilia kwa emoji. Kesi ikafungwa, simu zikawekwa mezani, pazia likafunguliwa, chai ya tangawizi ikamiminwa, na mjadala ukaanza. Nawaambieni, mjadala ndio nusu ya utamu wa kitu hiki.

Kwa vigezo vya Rotterdam vya mwaka 2003, ambavyo miongozo ya leo imejengwa juu yake, mwanamke mzima anahitaji mambo mawili kati ya matatu: siku zisizo na mpangilio, homoni za kiume kuzidi (kwa dalili za mwilini au kwa damu), na ovari zenye sura ile kwenye picha. Mgonjwa wetu alikuwa na mawili ya kwanza bila hata senti kutumika. Siku zake ni chini ya 8 kwa mwaka, ndevu anazo. Kwa hiyo picha haikuhitajika kabisa! Elfu thelathini ile ilitakiwa iende kwenye kuondoa magonjwa yanayofanana, hasa ya tezi ya shingo na prolaktini, na kwenye sukari, kwa kuwa PCOS ni mlango wa kisukari cha aina ya pili na mwongozo unataka kila mwanamke mzima mwenye nao apimwe sukari hata kama ni mwembamba. Sista aliigonga meza kwa kijiko: "Fedha yake umeimaliza, na sukari hujapima."

Fikiria ni wanawake wangapi wanaanza na picha, wanaonyeshwa "vifuko", wanarudi nyumbani wakidhani wana uvimbe wa kupasuliwa. Si uvimbe. Kwa wengi, mwili hausikii insulini ipasavyo, kongosho linaongeza kuimwaga, na insulini ikizidi inazichochea ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Mayai yanaanza kukua kisha yanakwama njiani. Vijumba vyake vinabaki vimejipanga ukingoni mwa ovari kama punje kwenye gunzi la hindi. Ndicho kinachoonekana. Hakuna cha kusafisha kizazi hapo, na wanaouza vichupo vya kusafishia wanajua wanachouza. Kamati iliyoitishwa na taasisi za afya za taifa za Marekani mwaka 2012 ilipendekeza hata jina libadilishwe, kwa kuwa linawaelekeza watu kwenye ovari wakati shida imeenea mwili mzima.

Dawa je? Hapa msusi wetu aliinua mkono kama mwanafunzi. Kumbe miaka yote alivikataa vidonge vya majira kwa kuogopa vitamfunga kizazi, na leo anasikia kwamba kwa mwenye PCOS asiyetafuta mtoto kwa sasa, vidonge vyenye homoni mbili ndivyo vinavyorudisha mpangilio wa siku na kupunguza nywele pole pole. Kukaa zaidi ya siku 90 bila kuona siku zako, mara kwa mara, kunaufanya ukuta wa ndani wa mji wa mimba unenepe, na kunaongeza hatari ya saratani ya ukuta huo. Hilo hakuwahi kuambiwa. Nilimwona akihesabu kwa vidole. Kwa anayetafuta mtoto, dawa ya kwanza siku hizi ni letrozoli: jaribio kubwa la Marekani la wanawake 750, lililochapishwa mwaka 2014, lilionyesha waliotumia letrozoli walijifungua watoto hai kwa asilimia 27.5, dhidi ya 19.1 kwa klomifeni ambayo wengi wetu ndiyo tunayoisikia. Metfomini ina nafasi yake, hasa kwa upande wa sukari. Lakini haya ni ya daktari wa wanawake. Kesi yetu ilitakiwa iishie na barua ya rufaa kwenda hospitali ya HOMSO au ya Peramiho, na kijana aliiandika vizuri mno, ikiwa na historia yote kwenye mistari minne. Daktari bingwa akipokea barua ya namna ile ataibusu.

Kuhusu unene niseme haraka, maana najua mnaungoja. Kupungua uzito kunasaidia wenye uzito mkubwa, ndiyo. Ila mwanamke akiambiwa "punguza mwili kwanza halafu uje", mara nyingi harudi, na wembamba wenye PCOS wapo tele. Mwongozo wenyewe umelitaja wazi suala la wahudumu kuwadhalilisha wagonjwa kwa uzito wao.

Ugonjwa huu si mgeni. Mwaka 1935, kule Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal walieleza wanawake 7 wenye ovari kubwa, siku zilizopotea na, kwa baadhi yao, ndevu. Wakawakata kipande cha ovari. Igizo la mgonjwa nalo lina historia: mwaka 1963 Howard Barrows, daktari wa mishipa ya fahamu huko Los Angeles, alimfundisha mtu mzima wa afya aigize dalili ili kuwapima wanafunzi, na wenzake wakamcheka. Leo hakuna mwanafunzi wa udaktari asiyeujua mtihani wa OSCE, ule wa kuzunguka kituo hadi kituo.

Wanaosema mambo ya kuigiza ni ya wazungu, nawapeleka Haydom, mkoani Manyara. Tanzania imo kwenye historia hii kwa herufi kubwa! Kuanzia mwaka 2009 wakunga wa hospitali nane za nchi hii walifundishwa kwa mwanasesere kumsaidia mtoto asiyepumua anapozaliwa, kwa mpango wa Helping Babies Breathe, na mwaka 2013 ikachapishwa kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilipungua kwa asilimia 47. Kisha mpango wa Safer Births ukaenda kwenye hospitali na vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, mazoezi mafupi ya mara kwa mara kazini yakiwa kiini chake, na mwaka 2025 jarida la New England Journal of Medicine likatangaza kwamba vifo vya akina mama vilishuka kwa asilimia 75. Hiyo ni sayansi iliyofanyika kwenye wodi zetu, na wakunga wetu wenyewe.

Ila Haydom ni dharura. Mtoto hapumui, una dakika moja. PCOS haina dakika moja, ina miaka kumi. Haitaki mkono mwepesi, inataka sikio na mpangilio wa maswali, na ndiyo maana simu inatosha mahali ambapo mwanasesere angekuwa mzigo. Mabingwa wa homoni nchini ni wachache na wamejikusanya miji mikubwa. Kliniki za madaktari bingwa wa Dkt. Samia zilizoanza kuzunguka halmashauri mwaka 2024 zimesaidia, lakini bingwa anakuja na kuondoka. Tabibu wa zahanati ndiye anayebaki. Huyo ndiye nataka anolewe.

Sasa ile nusu nyota.

Kwanza, Birmingham wamepima kujiamini. Kujiamini ni kitu kizuri, na pia ni kitu ambacho kijana wetu alikuwa nacho tele alipokuwa anaandika dawa ya PID. Nataka kuona kama mgonjwa wa kweli, miezi sita baadaye, ameulizwa kuhusu siku zake. Haydom walihesabu vifo. Na huku tuhesabu barua za rufaa, vipimo vya sukari, kitu chochote kinachomfikia mwanamke. Pili, simu haina shingo. Ule weusi wa shingoni na kwapani, ambao ni dalili ya insulini kutosikilizwa, kesi iliutaja kwa maneno tu, na picha nyingi za vitabu ni za ngozi nyeupe. Msusi alijitolea shingo yake mwenyewe, kijana akaiangalia kwa tochi ya simu kwa muda mrefu kuliko alivyotazama kitu chochote siku ile. Tatu, kesi za Kiingereza zinadhani maabara iko mlango wa pili na bima inalipa. Zikija kama zilivyo zitatufundisha kuagiza, hazitatufundisha kuchagua. Na nne, siri. Mazungumzo ya WhatsApp yanapigwa picha ya kioo kwa sekunde, na Majengo watu wanajuana hadi kwa mwendo. Hakuna kisa kuingia kwenye kesi bila ridhaa, na kubadilisha jina pekee hakutoshi.

Kasoro zote hizo zinarekebishika, ndiyo maana nimekata nusu tu. Tena mbili kati yake zilirekebishwa pale pale, juu ya stuli ya saluni, na mtu ambaye hajawahi kukanyaga chuo cha tiba. Nilimwona msusi wakati wa mjadala: alimkatisha Sista mara mbili, akamsahihisha kijana namna ya kuuliza kuhusu ndoa, akadai kesi iandikwe upya sehemu ya mume kwa sababu "waume wa kwenye vitabu wanaongea sana". Kampeni zote za Septemba, mwezi wa kuhamasisha kuhusu PCOS, zisingempa kiti hicho. Mwanamitindo Millen Magese alipojitokeza hadharani na endometriosisi yake aliwafungulia wanawake wa Tanzania mdomo. Igizo hili linawapa na mtu aliyelazimika kuwasikiliza hadi mwisho, maana asiposikiliza hapati majibu.

Kesi ya pili imeshaandikwa. Binti wa kidato cha pili analetwa na mama yake, amekosa siku miezi miwili, ana chunusi, na mama ameshasikia habari za vifuko kwa jirani na ameshalipia altrasaundi. Mtego wake ni mtamu: ndani ya miaka 8 tangu msichana avunje ungo, mwongozo unakataza kutumia picha hiyo kumpachika ugonjwa, kwa kuwa ovari za wasichana wengi wenye afya huonekana hivyo hivyo. Tabibu atatakiwa amtulize mama, ampe binti miadi, na asiandike chochote cha kumtisha. Kijana wetu ameomba safari hii yeye ndiye awe mgonjwa. Sista amekataa katakata: arudi kwanza kwenye kesi ya kwanza, yule dada bado hajapimwa sukari.